Mwanaume akipigwa na mkewe aende wapi? Tujadili bila kucheka

Wakuu, naomba tuliongee hili kwa uzito wake. Jirani yangu hapa Dar mwezi uliopita kamwagiwa uji wa moto na mkewe, bega lote la kushoto limebabuka, mimi ndo nikampeleka kituo cha polisi tuchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Tumefika kaunta benchi limejaa watu, askari anamuuliza kwa sauti kakufanya nani hivi, kajibu mke wangu, basi benchi zima kicheko na askari naye akacheka, "we mzee unapigwaje na mwanamke?" Jamaa akalivaa shati lake taratibu juu ya lile bega, akaniambia twende. PF3 hatukuchukua. Hospitali kasema ameungua jikoni.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, haijataja mume peke yake. Na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi si lipo? Ila hakuna aliyetuelekeza, na wanaume wengi tukisikia jinsia tunajua ni la akina mama. Mnaonaje?

Jibu: Pole kwa jirani kaka. Ila wanawake ndo tunaozikwa, na hayo madawati yenyewe hayatutoshi, mkianza kugawana nasi itakuwaje?

Jibu: Hapa kwetu Kenya utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, KDHS 2022, ulipata asilimia 34 ya wanawake na 27 ya wanaume wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Sio wachache jamani.

Jibu: Hiyo 27 ni kupigwa na mtu yeyote, hata baa au shuleni, usiwabebeshe wake zenu yote.

Mwanzisha mada: Dada hapo kwenye 27 uko sahihi, na wanaoumia zaidi ni nyinyi, sibishi. Ila mimi sijaomba hela ya dawati, naomba mtu asihojiwe mbele ya benchi, aingizwe chumba cha pembeni, mlango ufungwe, aongee, hilo linagharimu nini? Mama yangu mzazi aliwahi kwenda kituoni na jicho limevimba akaambiwa rudini mkayamalize nyumbani, na aliambiwa hapohapo kaunta, watu wanasikia. Hakurudi tena. Na huyu jirani harudi, jana nimemkuta bombani anafua kwa mkono mmoja, nikamuuliza bega vipi, akasema linapona, akageukia ndoo.