Naomba ushauri: chumvi gani niyeyushe kwa moto kuonesha ioni (chembe zenye chaji) zinapitisha umeme?

Wakuu, naandaa jaribio la bondi ya ioni. Myeyusho hauna shida: kijiko cha chumvi ya mezani kwenye mililita 200 za maji, betri nne za volti 1.5, vijiti vya kaboni, LED na rezista ya omu 330, inawaka vizuri.

Shida ni kuyeyusha kwa moto. Chumvi ya mezani inataka nyuzi 801, taa ya spiriti haifikishi. Bromidi ya risasi ni 373 tu, lakini mvuke wake ni sumu na maabara haina chemba ya kutolea hewa. Kloraidi ya zinki, takriban 290, inafyonza unyevu haraka. Chembe zikilowa tu LED inawaka kabla ya kuyeyuka, na wanafunzi wanaondoka wakiamini ioni za yabisi zinatembea! Nitreti ya potasiamu (334) ni kioksidishaji (hutoa oksijeni inayochochea moto), naihofia karibu na kaboni ya moto.

Niikausheje hiyo ya zinki, au kuna chumvi nyingine salama?