Wikiendi na watoto maeneo ya Tegeta, Kunduchi na Mbezi Beach hapa Dar es Salaam, tunawapeleka wapi?

mgeni_tegeta:
Habari zenu wadau, tumehamia Tegeta mwezi uliopita tukitokea Tabata, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11, wa kati 7 na wa mwisho 3. Kila jumamosi ikifika ni simu na katuni mpaka jioni na mimi inaniuma kwa sababu bahari iko hapo hapo tu, upepo wake tunausikia. Najua kuna Kunduchi Wet n Wild, ile ya michezo ya maji, lakini kila wiki hatuwezi, viingilio vya familia nzima ukijumlisha na chakula mfuko unalia. Naomba mnielekeze sehemu nyingine huku huku kwetu ambazo mtoto atacheza na ikiwezekana ajifunze kitu, na yule wa miaka 3 asiachwe nyumbani. Natanguliza shukrani.

baba_mapacha:
Karibu sana Tegeta dada. Wet n Wild muweke iwe ya sikukuu au mtoto akifanya vizuri shuleni, siku hiyo mfike mapema foleni za slaidi zikiwa bado fupi. Wikiendi za kawaida mimi napenda Kijiji cha Makumbusho, unapanda daladala za Makumbusho unashuka karibu na stendi unatembea kidogo tu umefika. Pale wamejenga nyumba za asili za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi na mtoto anaingia ndani kabisa, sio kuangalia kwa mbali. Wangu walikaa kwenye msonge wa Wahaya wakakataa kutoka, wakawa wanauliza moshi unatokea wapi na ng'ombe walilala upande gani, alafu tukaenda kwenye tembe la Wagogo wakashangaa paa limelala bapa na udongo juu. Wikiendi mchana huwa kuna ngoma, mwanao wa miaka 3 atacheza mpaka achoke. Ni mali ya Makumbusho ya Taifa na bei kwa Mtanzania ni ndogo, mkubwa kwa mtoto. Kuna miti mingi, beba mkeka na chakula chenu.

mzawa_wa_kunduchi:
Dada mimi nimezaliwa Kunduchi acha nikwambie kitu ambacho wengi wanaohamia huku hawakijui, bahari ya huku ukienda bila kuangalia maji hutoifaidi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi alafu yanajaa kwenye saa kumi jioni. Sasa wewe ukiwapeleka watoto saa nne ukitegemea waogelee utakuta mchanga na majani tu, utasema bahari mbaya. Lakini hiyo saa nne ndio raha ya watoto wadogo!! Maji yanabaki kwenye vidimbwi, hayafiki ata magoti ya mtoto, humo wanaona kiti cha pweza (yule wa umbo la nyota), kaa wadogo, jongoo bahari, konokono wanaotembea na nyumba zao. Wavae kandambili ngumu au viatu vya raba maana kuna wale viumbe wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, mwiba wake ukikatikia mguuni ni kilio. Na wasibebe chochote nyumbani, wakitazama warudishe pale pale. Wanaotaka kuogelea waende jioni maji yakijaa, mtu mzima awe majini nao sio kukaa mchangani na simu.

Alafu pita na magofu ya Kunduchi, watu wanayapita kila siku hawajui yapo. Kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ndefu zilizopambwa sahani za kichina, nyingine zimeshang'olewa unaona tu alama ya duara zilipokuwa. Yule wa miaka 11 mwambie ajiulize sahani ya China ilifikaje kwenye kaburi la Kunduchi, hapo umempa somo la biashara ya bahari nzima kwa picha moja. Wakumbushe ni makaburi, wasipande juu.

mama_boko:
Naungana na mzawa hapo juu. Nyongeza yangu ni kisiwa cha Mbudya, boti zinatoka Kunduchi na mwendo sio mrefu. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975 kwa hiyo kuna tozo, beba kitambulisho maana mkazi na mgeni bei zao tofauti. Maji masafi mno na samaki wanachoma pale pale. Ila maji ya kunywa beba ya kutosha, na huyo wa miaka 3 ahakikishiwe jaketi la kuokolea linalomtosha KABLA boti haijaondoka, wakikupa la mtu mzima kataa, subiri boti nyingine. Kipindi cha upepo wa kusi, juni mpaka agosti hivi, bahari inachafuka, mimi na mdogo siendi kabisa.

mgeni_tegeta:
Mmenifurahisha sana jamani, Mungu awabariki. Jumamosi hii naanza na Makumbusho. Mzawa, hiyo bamvua najuaje imefika mimi mtu wa bara?

mzawa_wa_kunduchi:
Angalia mwezi tu dada, ukiwa duara kamili au umeandama, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Na kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana, kwa hiyo leo yakikupwa saa nne kesho njoo kwenye saa tano. Ukipata shaka ulizia wavuvi pale sokoni Kunduchi, watakwambia vizuri kabisa.