Watoto watatu, siku moja ya michezo: tuipange vipi safari ya kutoka Jinja?

Mama Salma, Jinja

Habari zenu, ndugu. Mimi ni mkazi wa Walukuba, na ninaomba ushauri wa wazazi ambao wamekwisha kuwapeleka watoto wadogo kwenye bustani za michezo za Kampala. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 8, wa pili miaka 5, na kitindamimba miaka 2. Siku ya Idd iliyopita tuliwapeleka mahali ambapo sitapataja, na sote tulirudi tukiwa tumevunjika moyo. Tuliondoka saa mbili asubuhi, tukakwama kwenye foleni ya magari Mukono, na tulipofika ilikuwa karibu saa sita na watu wamekwisha kufurika. Yule wa miaka 5 alipanga mstari wa treni ya kupanda na kushuka kwa karibu saa nzima, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kaka yake. Walipofika mbele, msimamizi alimsogeza kwenye ubao wenye mstari mwekundu, akaona kichwa hakiufikii, akamwambia atoke. Kaka yake akapanda peke yake. Mwanangu hakulia pale. Alilia ndani ya gari, kuanzia Banda mpaka tulipoingia msitu wa Mabira.

Likizo ya muhula wa pili inakaribia na tunataka kujaribu tena, safari hii pamoja na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Baba yao anapendekeza Wonder World iliyopo Kansanga, mimi ninafikiria Entebbe. Ninyi mngefanyaje?

Baba Hawa, Kansanga

Pole sana, Mama Salma. Nina watoto wa umri huohuo, na kosa lenu tulilifanya sisi pia mara mbili kabla ya kujifunza. Mpime mtoto nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, kisha pigeni simu mnakokwenda mkaulize kimo na umri unaotakiwa kwa kila mchezo. Mtoto ambaye ameambiwa tangu jana yake kwamba atapanda farasi wa kuzunguka na treni ndogo, lakini ile kubwa bado, huwa hana huzuni ya kukatishwa tamaa mbele za watu. Katika simu hiyohiyo ulizeni kama kiingilio kinajumuisha michezo au kila mchezo unalipiwa peke yake, kwa sababu kwa watoto watatu tofauti hiyo ndiyo inayomaliza pesa ya mafuta ya kurudia.

Jambo la pili, msiende siku ya sikukuu. Idd na Desemba 26 waachieni wengine. Nendeni Jumatano ya likizo, mfike wakati lango linafunguliwa. Silisemi hili kwa sababu ya usumbufu wa mistari peke yake. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, katika jengo la maduka lililo kando ya barabara ya Entebbe, watu waliotoka kutazama fataki walisongamana kwenye njia nyembamba, na watu wasiopungua 9 walipoteza maisha, wakiwamo watoto. Tangu siku hiyo, kila niingiapo na wanangu mahali penye umati, kwanza ninatafuta mlango wa pili wa kutokea, na nikikuta umefungwa, tunaondoka hata kama nimekwisha kulipa.

Muuguzi wa Entebbe

Mimi ninaungana nawe, dada, mje Entebbe. Sababu yangu ni huyo wa miaka 2. Kwenye bustani ya mashine atakuwa mtazamaji siku nzima, mgongoni mwa mtu, ilhali kwenye kituo cha wanyamapori, ambacho kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama walionusuriwa, sokwe na faru ni wake kama walivyo wa kaka yake. Mama mkwe naye atapata kivuli cha miti. Tena hamlazimiki kupita katikati ya jiji: shikeni barabara ya mzunguko ya kaskazini kuanzia Bweyogerere hadi Busega, halafu barabara ya kasi ya kwenda Entebbe, ambayo tangu 2022 gari dogo hulipia shilingi 5,000.

Ila ninawasihi, msiwaache watoto waingie ziwani. Kichocho kimo katika kingo za Ziwa Victoria: vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi hata kama mtoto amesimama tu kwenye maji yanayomfika magotini. Ikiwa mtoto amekwisha kuingia, mwelezeni mhudumu wa afya, maana dawa ipo na inatibu. Na asubuhi kabla ya kutoka, andikeni namba ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, sehemu ya ndani, halafu mpigeni kila mmoja picha akiwa na nguo za siku hiyo. Mzazi aliyepotelewa na mtoto mara nyingi hukosa hata rangi ya shati la mwanawe.

Msimamizi wa zamani wa michezo

Nilifanya kazi ya kupandisha watoto kwenye mashine kwa miaka mitatu, kwa hiyo naomba nieleze habari ya ule mstari mwekundu. Chuma kinachofungwa mapajani kimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani. Mtoto mfupi, mashine inapofunga breki au kupiga kona, huteleza chini yake. Nimewaona wazazi wakimwambia mtoto asimame kwa ncha za vidole, na wengine wakinipa pesa. Nilikataa, na ningekataa tena. Lakini mama huyu ana haki ya kulalamika: ubao wa kupimia unapaswa kuwekwa mwanzo wa mstari, si mwisho wake.

Watoto wenu wakiingia kwenye kasri la kurukia lililojazwa hewa, angalieni kwanza kama kamba zake zote zimefungwa kwenye vigingi vilivyoshikilia ardhi vizuri. Upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, linapaswa kufungwa. Matawi madogo ya miti yakianza kuyumba, watoeni bila kusubiri kuambiwa. Tena msimruhusu wa miaka 2 aruke pamoja na wa miaka 8, hata kama ni ndugu.

Mama Salma, Jinja

Nawashukuru kwa dhati. Jana jioni nilimsimamisha mwanangu kwenye mwimo wa mlango, nikaweka alama kwa penseli: sentimita 107. Baba yake alipiga simu Kansanga, akaambiwa treni yao inataka 120. Tulimweleza mtoto wazi, akautazama ule mstari kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimchoree na wa 120 juu yake ili aujue. Kansanga tutakwenda atakapoufikia, wote wawili wapande pamoja. Kwa sasa tumekubaliana na baba yao kwamba Jumatano ya kwanza ya likizo tunakwenda Entebbe, tukiondoka saa kumi na moja alfajiri, na chakula tutabeba nyumbani. Dada Muuguzi, mama mkwe anaulizia kama kuna mahali pa kuswalia karibu na hapo, kwa kuwa adhuhuri itatukuta huko.

Muuguzi wa Entebbe

Misikiti ipo mjini, si mbali kwa gari. Njooni na mkeka pia, ili bibi apate pa kukaa wakati mnawazungusha watoto.