Tupeane uzoefu: wali na nyama kwa mtindo wa Kikorea ndani ya sufuria moja

Jirani wa Tabata

Wapendwa, habari za jioni. Leo dukani nimekuta kile kikasha chekundu cha gochujang, yaani rojo ya pilipili ya Kikorea, kimepangwa kando ya tomato sosi kana kwamba kimezaliwa pale, nikakumbuka ubishi ambao chakula hiki kimekuwa kikiuzusha nyumbani kwangu. Nazungumzia nyama ya kusaga inayokaangwa kwa vitunguu saumu na tangawizi, ikatiwa gochujang na sosi ya soya, kisha mchele ukapikwa humo humo mpaka ukauke. Mimi hutumia nusu kilo ya nyama kwa vikombe viwili vya mchele, na nyama huiacha ikauke maji yake yote na kuanza kushika rangi kabla ya kutia kitu kingine chochote. Naomba tupeane uzoefu, hasa wa siku ambayo mambo yalikwenda mrama, kwa sababu naamini nimo katika kundi kubwa.

Msafiri wa Jeonju

Umenikumbusha mbali. Nilisoma Jeonju, mji unaosifika kwa bibimbap, na huko wali hupikwa peke yake, kisha mboga, nyama na yai hupangwa juu yake, na mlaji huchanganya mwenyewe mezani pamoja na gochujang. Kupika vyote kwa pamoja ni mbinu ya watu wenye haraka, nami siilaumu, ila inafaa tujue kinachotusumbua. Gochujang si pilipili tu, bali ni mchanganyiko uliochachushwa wa pilipili, soya na nafaka, aghalabu mchele wa kunata, na huwa na utamu mwingi. Utamu huo ndio unaoungua chini kabla wali haujaiva. Kwa hiyo mimi huiyeyusha kwanza katika maji ya kupikia, nikayamimina yakiwa tayari yamechanganyika. Jambo la pili ni mchele: wao hutumia wenye punje fupi unaonata, unaohitaji maji machache, na anayetumia basmati kwa kipimo hicho hicho atakula wali wenye kiini.

Binti wa Mwea

Hapo kwenye maji umesema kweli tupu. Pishori yetu ina kipimo chake.

Mzee Mwiko

Mimi napinga hoja ya kuyeyusha. Gochujang isipokaangwa kidogo katika mafuta hubaki na ladha ya ubichi, na wekundu wake haukolei. Kaanga kwa moto mdogo huku ukigeuza bila kuacha, kisha tia maji mara tu mafuta yanapoanza kuwa mekundu. Anayeunguza ni yule anayekaanga huku anasoma ujumbe wa simu.

Mama Pacha

Nimesoma nikacheka peke yangu, kwa sababu chakula hiki kilinikutanisha na mama mkwe kwa namna ambayo sikuitarajia. Alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea, na binti yangu mkubwa, ambaye tamthilia za Kikorea amezihifadhi kuliko masomo yake, akashikilia kwamba lazima bibi aonjeshwe. Nikakubali. Nyama ilishika rangi vizuri, mchele ukaingia, maji yakaanza kuchemka, na harufu ikaenea mpaka kwa majirani. Mara moto wa jiko ukanywea, ukawa vidoti vya bluu vinavyorukaruka, ukazimika. Mtungi ulikuwa mtupu, ilikuwa Jumapili jioni, na kijana anayetuletea gesi hakupokea simu. Ndani ya sufuria mchele ulikuwa umekunywa nusu ya maji, yaani umefika pale ambapo huwezi kuula wala huwezi kuuanza upya, na sebuleni kulikuwa na mgeni ambaye toka mchana alikuwa amekunywa chai tu.

Mama mkwe aliingia jikoni bila kuitwa, akafunua, akanusa, akauliza nyama imetiwa sukari na nani. Hakungoja jibu. Akajifunga kanga kiunoni, akaagiza makaa, akawasha jiko uani, akateleka sufuria juu ya moto mdogo, akaifunika kwa sinia na kupalia makaa juu, kama anavyopalia wali wa nazi. Sisi tulisimama pembeni tukiwa kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Alipofunua, wali ulikuwa umeiva punje kwa punje, na chini umefanya ukoko wa rangi ya kahawia nyekundu, mkavu, wenye ukali na utamu pamoja, ambao watoto waliugombania mpaka ikabidi augawe kwa kijiko. Basi kuanzia siku hiyo gesi ipo, lakini chakula hicho nyumbani kwetu hupikwa uani.

Binti wa Mwea

Mama Pacha, simulizi hii ingestahili mada yake yenyewe. Je, mama mkwe alikula?

Msafiri wa Jeonju

Huo ukoko ndio hasa watu wanaoufuata katika bibimbap ya chungu cha jiwe, kinacholetwa mezani kikiwa bado kinachachatika. Na ukoko wa wali mweupe unaobaki chunguni huumiminia maji ya moto wakanywa baada ya chakula. Mama mkwe hakukosea hata hatua moja.

Mswahili Asiyebadilika

Niruhusiwe kuuliza: nyama, vitunguu saumu, tangawizi na mchele ndani ya sufuria moja, kisha makaa juu ya sinia, tofauti yake na pilau ni nini zaidi ya kukosa bizari?

Mzee Mwiko

Tofauti ni kwamba pilau haitiwi sosi ya soya, na ukiitia hutaitwa tena kwenye shughuli. Tusivuruge mada.

Mkaazi wa Muscat

Kabla hamjaendelea, Waislamu wenzangu wasome lebo. Baadhi ya gochujang za viwandani hutiwa pombe ili kuzuia isiendelee kuchachuka, na huandikwa wazi katika orodha ya viambato. Zipo zenye alama ya halali, na huku Ghuba zinapatikana bila shida.

Mswahili Asiyebadilika

Pombe si huyeyuka yote ikipikwa?

Mkaazi wa Muscat

Haiyeyuki yote, kiasi fulani hubaki kutegemea muda wa kupika. Na hata ingeyeyuka, swali la kununua kitu chenye pombe liko pale pale, kwa hiyo hilo waulize wanazuoni wala usiliulize sufuria.

Nesi Mstaafu

Naongezea la chumvi, kwa kuwa sijaona aliyeligusa. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya ya kawaida kina takriban miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku. Gochujang nayo ina chumvi yake. Anayetia vijiko vitatu kisha akaongeza chumvi ya kawaida, na nyumbani kuna mgonjwa wa shinikizo la damu, ajitafakari. Mimi hutia kijiko kimoja na nusu, ukali nikaufidia kwa tangawizi.

Jirani wa Tabata

Ahsanteni. Na wanaotumia nyama ya vipande badala ya kusaga, mnailainishaje? Yangu hukaidi.

Binti wa Mwea

Ikate nyembamba sana ikiwa imeganda nusu. Wakorea huisugulia pea iliyokunwa, ila papai bichi la kwenye mishkaki linafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo usilaze usiku kucha, la sivyo utapata ugali wa nyama.

Mzee Mwiko

Na mafuta ya ufuta yatiwe mwisho, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu harufu yake huondoka na mvuke. Wa Lindi na Mtwara mnaolima ufuta, kazi kwenu. Lakini Mama Pacha hajajibu swali.

Mama Pacha

Alikula, akaongeza, kisha akasema sukari ilizidi. Alipoondoka aliuliza kama kile kikasha kilichobaki nina haja nacho, na nikiwa bado natafuta jibu, kikawa kimeshaingia mkobani. Sasa hivi anapaka vibua kabla ya kuvibanika, na kila akipiga simu huniagiza kingine, kile kikubwa.