Filamu za katuni za Kijapani za zamani ambazo wengi hawazijui: tupeane uzoefu

MshikaRimoti
Wakuu, nimeona mtu anapendekeza Chirin no Suzu kwa mtoto wa miaka minne kwa sababu bango lake lina mwanakondoo mweupe na kengele shingoni. Jamani, hapana! Hiyo ni ya mwaka 1978, dakika 47, imetengenezwa na Sanrio, wale wale wenye Hello Kitty, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mwanzo ni vipepeo, maua na wimbo mtamu. Halafu mbwa mwitu anaingia zizini usiku, mama anamfunika mwanawe kwa mwili wake, anauawa palepale. Mwanakondoo hakimbii. Anapanda mlimani kumtafuta muuaji na kumwomba amfundishe kuwa mbwa mwitu. Hadithi ni ya Takashi Yanase, aliyemuumba Anpanman, yule shujaa wa katuni za watoto wadogo. Kwa mtu mzima ni hazina. Kwa mtoto, subiri afike angalau miaka kumi, na ukae naye.

Wengine leteni zenu, ila mseme na namna ya kuziangalia. Majina matupu hayasaidii.

BintiMwambao
Nakazia. Na pale pembe zinapoota, mchoro wenyewe unabadilika: lile duara laini la mwanzo halipo tena, kila mstari una ncha.

Kichwa_Ngumu
Mwisho wake ndio unaoumiza, anaporudi kule zizini na

BintiMwambao
Ndugu yangu, ishia hapo hapo! Kuna watu hawajaiona.

Kichwa_Ngumu
Filamu ya 1978 dada, siri gani tena?

BintiMwambao
Kwa anayeianza usiku wa leo ni mpya. Umri wa filamu hauhusiani.

FundiLuninga
Kabla hamjaendelea kutaja majina, rekebisheni luninga kwanza. Luninga nyingi za sasa zina setingi ya kulainisha mwendo: Samsung wanaiita Auto Motion Plus, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zimeni. Sababu ni hii: filamu inapita fremu 24 kwa sekunde, lakini mchoraji hachori picha 24. Akishikilia kila mchoro kwa fremu mbili anachora 12, akishikilia kwa fremu tatu anachora 8. Ule mdundo ameupanga yeye, ngumi itue wapi na kope ifunge lini. Luninga ikijaza picha za kubuni katikati, mistari inavutika kama ulimbo na kingo za wahusika zinatetemeka. Mtu anaishia kusema katuni za zamani ni mbovu, kumbe ni setingi.

La pili ni umbo la picha. Filamu kubwa za studio ya Toei za miaka ya 60 zilipigwa kwa picha pana, 2.35 kwa 1. Kwenye luninga ya sasa lazima uone mistari myeusi juu na chini. Ukiona imejaa skrini nzima, imekatwa pembeni. Ukiona mraba wa kizamani ndiyo balaa, zaidi ya theluthi moja ya picha imetupwa.

Mzee_wa_Reli
Nyongeza kwa fundi: kanuni hiyo haifai kwa filamu za wakati wa vita. Momotaro: Umi no Shinpei ya 1945 umbo lake halisi ni karibu na mraba, mistari myeusi inakaa kushoto na kulia. Msiivute ijae, wahusika watanenepa.

FundiLuninga
Sahihi mzee wangu, shukrani.

SautiYaPanga
Kwa kuwa fundi ametaja Toei, ngoja niseme kuhusu ile ambayo kila anayependa Ghibli, studio ya Takahata na Miyazaki, angeanza nayo: Taiyo no Oji: Horusu no Daiboken, 1968, dakika 82. Kwa Kiingereza tafuta Horus, Prince of the Sun. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Isao Takahata. Yasuo Otsuka alisimamia uchoraji, na kijana Hayao Miyazaki alibuni mandhari na kumwaga mawazo kuliko cheo chake kilivyomruhusu.

Anzeni kwa kutazama dakika za mwanzo mara mbili. Hakuna maelezo, hakuna msimulizi. Mvulana anapigana na kundi la mbwa mwitu wa rangi ya fedha, silaha yake ni shoka lililofungwa kwenye kamba. Fuateni ile kamba kwa macho: inakaza, inalegea, inamvuta mwenyewe. Kila mara unajua mbwa mwitu yupi yuko wapi. Mwaka 1968 hiyo!

Sasa uchungu wake. Kazi ilianza 1965. Mwanzoni hadithi ilitoka kwenye tamthilia ya vikaragosi iliyochota masimulizi ya Waainu wa kaskazini mwa Japani. Ikahamishiwa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Takahata, Otsuka na Miyazaki walikuwa watu wa chama cha wafanyakazi, na waliiendesha kazi kwa mtindo huo huo: kila mtu kwenye timu analeta wazo, kila wazo linajadiliwa. Matokeo yake muda ukapitiliza, fedha zikapitiliza, na wakubwa wa studio wakaisimamisha kazi kwa miezi kadhaa. Iliporudi, kuna sehemu mbili ambazo hazikuchorwa mwendo wake: mbwa mwitu wanapovamia kijiji, na panya wanapokivamia. Mtaziona. Ghafla picha zinasimama, kamera inatembea juu ya michoro iliyoganda, sauti za vurugu zinaendelea chini yake. Disiki yako haijakwama, usirudishe nyuma. Ndivyo ilivyotoka.

Ikakaa kwenye kumbi siku 10 tu. Takahata hakupewa tena filamu ndefu ya kuongoza Toei, na mwaka 1971 akaondoka pamoja na Miyazaki. Halafu tazameni hadithi yenyewe inasema nini: upanga wa jua ni butu na wenye kutu, na hauwezi kufuliwa na shujaa peke yake. Mpaka kijiji kizima kikusanye moto. Watu walikuwa wanachora maisha yao ya kazini.

BintiMwambao
Na Hilda wa humo kwenye Horusu! Yasuji Mori ndiye aliyemchora. Msichana anaimba kwa sauti ya kubembeleza huku macho yake yamekataa kuimba. Katuni za wakati ule uso ulikuwa na hali moja kwa wakati mmoja: furaha, hasira, kilio. Hilda ana mbili zinazogombana kwenye uso mmoja.

Kichwa_Ngumu
Mimi nasema zile picha zilizosimama zina nguvu kuliko zingechezwa. Zinakaa kama picha za gazeti la vita.

SautiYaPanga
Mkuu, tusigeuze njaa kuwa mfungo. Zilisimama kwa sababu hela na muda vilikatwa. Linganisha na lile pambano la mwanzo uone walichokuwa wanaweza kufanya.

Kichwa_Ngumu
Sababu naijua. Nazungumzia kinachompata mtazamaji. Belladonna ya 1973 karibu yote ni kamera inayopita juu ya michoro ya rangi za maji iliyosimama, na hakuna anayelalamika.

SautiYaPanga
Ile ilipangwa hivyo tangu mwanzo! Kuni Fukai alichora zile picha ndefu akijua kamera itazipitia. Huwezi kufananisha.

MshikaRimoti
Na mkiitaja Kanashimi no Belladonna wekeni onyo. Ni ya watu wazima, mapema kabisa kuna ubakaji umechorwa kama mwili unaopasuliwa kwa wekundu. Msingi wake ni kitabu cha Jules Michelet kuhusu wachawi. Studio yake, Mushi, ilifilisika mwaka huo huo. Tafuteni nakala iliyosafishwa ya 2016. Za zamani rangi zimefifia, na filamu hii ikipoteza rangi hakuna kinachobaki.

Mzee_wa_Reli
Narudi kwa Momotaro kwa sababu watu husema Hakujaden ya 1958 ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya katuni Japani. Hakujaden ni ya kwanza ya rangi. Momotaro ya Mitsuyo Seo ilitoka Aprili 1945, dakika 74, nyeusi na nyeupe, kwa agizo la jeshi la wanamaji. Ni propaganda, iangalie ukijua hivyo. Wanyama wazuri wanafundisha watu wa visiwani alfabeti kwa wimbo, kisha wanaruka kwa miavuli kwenda vitani. Ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana kwenye ghala la kampuni ya filamu ya Shochiku miaka ya 80.

Mkitaka kazi ya wakati ule isiyo na bunduki, ni Kumo to Churippu ya Kenzo Masaoka, 1943, dakika kama 16. Dhoruba ya mvua mle ndani bado ni darasa.

BintiMwambao
Mzee, jina lako la reli linadai Ginga Tetsudo no Yoru, yaani Usiku wa Reli ya Galaksi.

Mzee_wa_Reli
Ginga Tetsudo no Yoru ya 1985, ya Gisaburo Sugii, kutoka hadithi ya mwandishi Kenji Miyazawa. Wahusika ni paka, vichwa vya sura vimeandikwa kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, kwa sababu Miyazawa alijifunza lugha hiyo. Wengi wanaiacha kabla treni haijafika. Mwendo wake ni wa polepole kwa makusudi, basi iwekeni usiku, simu mbali, na msikilize kwa spika au vipokea sauti. Muziki wa Haruomi Hosono unabeba nusu ya maana. Na wanapopanda abiria wa umbo la binadamu, waliotoka kwenye meli iliyogonga barafu, msishangae. Nguo zao kulowa maji kuna sababu yake.

FundiLuninga
Sasa onyo langu la mwisho, Tenshi no Tamago ya Mamoru Oshii, 1985, dakika 71, na michoro ya Yoshitaka Amano. Kuna filamu ya mwaka 1988 iitwayo In the Aftermath iliyochukua vipande vyake na kuvichanganya na waigizaji wa kawaida. Ukiona watu halisi kwenye skrini, umepata siyo. Na kwa filamu yenye giza kiasi kile, nakala iliyobanwa sana inageuza weusi kuwa vibonge vya mraba. Bando likiwa dogo, afadhali uache hiyo kwanza.

Kichwa_Ngumu
Kwa hiyo mwenye bando dogo aanze na ipi?

FundiLuninga
Chirin, dakika 47.

SautiYaPanga
Bora Sero Hiki no Goshu ya 1982, dakika 63. Takahata tena, na Miyazawa tena. Mchoraji Toshitsugu Saida alijifunza kupiga selo, ile fidla kubwa, ndipo akachora. Mtazameni Goshu mkono wa kushoto usiku ule paka anapokuja: vidole vinashuka kwenye nyuzi pamoja na noti, na wala havidanganyi.

Kichwa_Ngumu
Naishusha sasa. Dada, mwisho wake usiniambie.