Naombeni ushauri: fomu ya shule inauliza dini ya mtoto, baba Mwislamu, mama Mlutheri

MamaAmani_Moro

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika ni mara ya kwanza, mnivumilie nikizunguka.

Mimi ni Mlutheri wa Machame, mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Tulifunga ndoa bomani mwaka 2015. Tangazo lilikaa ubaoni siku 21 kama sheria inavyotaka, na siku zote hizo nilikuwa naomba asipite mtu wa kwetu akalisoma. Baba nilimwambia mwenyewe, akaninunia miezi minne. Usharikani niliwekwa chini ya nidhamu, mpaka leo sishiriki Meza ya Bwana. Nakaa benchi la nyuma, wenzangu wakianza kupanga mstari natoka. Mume hakuna aliyemgusa msikitini, ila mama yake kila akipiga simu anauliza, "Huyo mkeo anasilimu lini?" Anauliza lini, haulizi kama.

Sisi wawili hatujawahi kugombana kwa ajili ya dini. Idi pilau napika mimi, Krismasi kuku ananunua yeye. Mtoto alipozaliwa tukamtafutia jina lisilo na upande, tukamwita Amani ili bibi zake wote wakae kimya. Tukakubaliana akikua atachagua mwenyewe.

Sasa yuko darasa la kwanza. Fomu ina sehemu ya "dini ya mtoto", nikaiacha wazi. Mwalimu kanirudishia: "Mama, hapa pajazwe, Alhamisi kuna kipindi cha dini." Alhamisi ya kwanza wengine wakaenda kwa ustadhi, wengine wakabaki na mwinjilisti, wangu akakaa nje chini ya mwarobaini hadi kengele. Jioni kaniuliza, "Mama, mimi ni wa upande gani?" Nikamwambia kula, ubwabwa unapoa.

Nijaze nini? Na hivi kama Katiba inasema nchi haina dini, mtoto wa miaka sita analazimishwaje kuwa nayo?

Kipanga wa Ubungo

Dada, hapo kwenye Katiba usichanganye. Ibara ya 3 inasema Jamhuri haina dini, ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuwa nayo. Ndiyo maana Rais anaapa na Msahafu au Biblia mkononi na hakuna anayeshtuka. Polisi kwenye kutoa maelezo, kwa miaka mingi watu wameulizwa jina, umri, kabila, dini. Mahakamani ni hivyo hivyo kabla hujafungua mdomo kutoa ushahidi. Waliojizuia kuuliza ni watu wa sensa tu, mara ya mwisho waliuliza dini 1967. Kwa maoni yangu yale madodoso yana hekima kuliko fomu ya shule yenu.

Mtukutu255

Jaza "Yanga". Hakuna atakayekurudishia.

Ustadhi wa Mtaa

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hiyo. Shemeji, kwanza kusilimu si jambo la kulazimishwa kwa simu. Mwanamume wa Kiislamu ameruhusiwa kuoa mwanamke wa Ahlul Kitabi, yaani Mkristo au Myahudi, iko kwenye Suratul Maida aya ya 5, naye akabaki na dini yake. Mama mkwe akumbushwe hilo kwa adabu, na wa kumkumbusha ni mwanawe, si wewe.

Kuhusu mtoto sitakuficha. Kwetu mtoto wa baba Mwislamu analelewa Uislamu. Mumeo analijua. Kama alikuahidi "atachagua mwenyewe", basi aliahidi kitu ambacho kwa imani yake si chake kukitoa. Kaeni mlizungumze upya.

Mchaga Halisi

Kwa hiyo aliyebeba miezi tisa hana kura? Na ingekuwa dada yako ustadhi ndiye anaolewa na Mkristo, ungetuletea aya ya ruhusa?

Ustadhi wa Mtaa

Nisingeleta, kwetu haijuzu. Nimesema sifichi. Ila nanyi msijifanye milango yenu iko wazi. Mkatoliki akitaka kufunga ndoa na asiyebatizwa anaomba ruhusa kwa askofu, na anaahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe. Kila nyumba inamtaka mtoto, ndugu yangu.

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha shule za msingi miaka 17. Fomu hiyo wala si ya kumhukumu mtu. Tunataka kujua nani yuko kipindi gani, nani asilazimishwe uji mwezi wa Ramadhani, na likitokea la kutokea tunamwita shehe au mchungaji. Nimewahi kupokea fomu iliyoandikwa "mulize baba yake". Nimewahi kupokea iliyofutwa mara tatu kwa kalamu za rangi tofauti.

Kinachoniuma hapa ni mwarobaini. Mtoto wa darasa la kwanza akikaa nje wenzake wakiwa ndani, anaelewa kitu kimoja tu, kwamba ameadhibiwa. Nendeni shuleni wote wawili, si mama peke yake, mpeleke barua yenye sahihi mbili. Mkitaka aingie vipindi vyote kwa zamu, semeni. Msipotaka aingie chochote, semeni apewe kitabu asome darasani. Mwalimu mkuu akiwaona mmekaa pamoja hatabishana. Akimwona mama peke yake atasema "baba mtoto anasemaje", mnatujua.

ZaoLaMchanganyiko

Huwa sichangii nyuzi za dini, leo nimeshindwa kupita.

Baba yangu alikuwa Mkatoliki, mama Mwislamu wa Tabora. Nasi tuliambiwa tutachagua tukiwa wakubwa. Watu wanaiona hiyo kauli ni ya kistaarabu sana. Nikiwa na miaka 14 nilitaka kwenda mafundisho na rafiki zangu, nikamwona mama anakunja kanga polepole bila kusema neno. Hapo nikajua sichagui dini, nachagua mzazi. Nikaacha. Dada yangu naye akafunga Ramadhani mwaka mmoja, baba akala mchana mezani peke yake na redio juu. Mpaka leo nina miaka 38 na sijachagua, na wala si kwa sababu nina mashaka na Mungu.

Dada, msimpe mtoto hukumu ambayo ninyi mmeikimbia. Mwambieni mapema kwamba upande wowote atakaokwenda hakuna atakayelia. Halafu kweli msilie.

Wakili Uchochoroni

Wote mnajadili kipindi cha Alhamisi, mimi nawaza miaka thelathini mbele. Dada, mna kiwanja? Nyumba? Hati ina jina la nani?

Mume akitangulia, Mungu aepushe, huku Bara mahakama itaangalia aliishi maisha ya namna gani. Ikiridhika kwamba aliishi Kiislamu, ndugu zake wakitaka mirathi igawiwe Kiislamu, mke asiye Mwislamu harithi. Mtoto asiye Mwislamu naye yumo humo humo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa yenu ya bomani bila tatizo, lakini ndoa halali na kurithi ni vitu viwili. Nimewaona wajane wakishika cheti cha ndoa kama ngao, hakikinga.

Cha kufanya mkiwa hai na mnapendana: hati iandikwe majina mawili, umiliki wa pamoja, ili mmoja akifa anayebaki achukue chote. Hicho hakiingii kwenye mirathi. Mume anaweza pia kukuusia, na wasia wa Kiislamu unaruhusu hadi theluthi moja kwa asiye mrithi. RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wanatunza wosia. Na jasho lako mwenyewe, tunza risiti.

Mchaga Halisi

Uzi wa fomu ya shule umefika makaburini.

Wakili Uchochoroni

Ndiko nyuzi hizi zinakofikaga. Naandika nikiwa na faili mezani.

Bibi wa Pangani

Mwanangu MamaAmani, mimi mzee nina swali dogo. Umesema mtoto hana upande. Umemuuliza anajua sala gani?

MamaAmani_Moro

Mrejesho, wakuu. Asanteni, hata wewe wa Yanga.

Bibi wa Pangani, swali lako lilininyima usingizi kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Mume akisafiri huwa nampeleka Amani shule ya Jumapili. Si mara moja. Nilimwambia asimwambie baba, "ni siri yetu". Niliona aibu kuliandika mwanzoni.

Juzi nikamweleza mume. Nilitegemea atafoka. Akainama, akacheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa, akamwita mtoto, "Amani, msomee mama." Mtoto akaniangalia mimi, akamwangalia baba yake, akasoma sura ya Qul huwallahu ahad mpaka mwisho, herufi zimenyooka. Nikamwambia haya mwimbie baba. Akaimba "Yesu kwetu ni rafiki" beti mbili. Kumbe mtoto wa miaka sita ametutunzia siri wote wawili, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuibeba.

Tulilala saa nane usiku. Ustadhi, ulisema kweli, mume amekiri kwamba aliahidi huku moyoni akitumaini. Mimi pia. Hatujaafikiana mtoto atakuwa nani, ila tumeondoa siri. Barua tumepeleka tukiwa wawili: Alhamisi moja kwa ustadhi, inayofuata kwa mwinjilisti, hadi muhula uishe. Mwalimu mkuu kweli kaanza na "baba mtoto anasemaje", naye kakaa pale pale.

Hati ya kiwanja ina jina lake peke yake. Wakili, nimekutumia ujumbe pembeni.

Mama mkwe kapiga tena Ijumaa. Safari hii mume kaipokea simu mwenyewe, akatoka nayo nje. Amekaa huko dakika arobaini, nami sijamuuliza wameongea nini.