Uchaguzi wa Burundi wa 2027: je, ni busara kuhamia huko kabla haujafanyika?

Fundi wa Sakina: Wanajamvi, nawasalimu. Nina karakana ndogo ya kuchomelea mageti hapa Arusha, na nimepata nafasi ya kuhamishia kazi Burundi, lakini usingizi haunijii nikiuwaza uchaguzi wa rais wa 2027. Mwaka 2015, Rais Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, vurugu zilizoanzia mitaa ya Bujumbura ziliwafanya watu wamiminike Kigoma, na uhusiano na Rwanda ukaharibika. Je, uchaguzi ujao unaweza kuutia moto ukanda mzima, au ni woga wangu tu?

Babu wa Tengeru: Mwanangu, Mkataba wa Amani wa Burundi ulitiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, Mandela akiwa ameupokea usuluhishi baada ya Mwalimu kufariki. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa hoteli. Wajumbe waliokuwa hawatazamani mchana niliwakuta usiku wakiombana sukari kwenye korido. Nguvu ya mkataba ule ilikuwa kwenye hesabu iliyozaliwa nao, ikaja kuandikwa kwenye Katiba ya 2005: viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na jeshi nusu kwa nusu. Siku hesabu hiyo ikivurugwa, ndipo uogope.

Mama Koku: Fundi, umetueleza habari za marais, lakini hujasema unahama na nani. Una familia?

Fundi wa Sakina: Familia ipo, mama. Ila swali langu linahusu usalama wa nchi.

Dagaa wa Ujiji: Mimi Mei 2015 nilikuwa Kigoma. Meli ya Liemba ilikuwa ikiwatoa wakimbizi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, huku kipindupindu kimeshaingia. Nilimwona mzee mmoja akishuka na mlango wa mbao kichwani. Hakubeba kingine. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba nyumba atajenga, lakini mlango ule aliuchonga baba yake.

Mama Koku: Pole kwa uliyoyaona, Dagaa. Fundi, bado nakusubiri.

Fundi wa Sakina: Haya. Mke wangu ni Mrundi, na ameshaondoka tangu mwezi uliopita pamoja na mtoto wetu wa miaka 6, kwa kupitia Manyovu, kwa sababu baba mkwe anaumwa huko Gitega. Mashine ya kuchomelea nimeshaiuza na mwenye nyumba nimeshampa taarifa. Msinilaumu kabla hamjanisikiliza: uchaguzi wa 2020 ulipita, Ndayishimiye akaapishwa, na hatukuona wimbi la wakimbizi kama lile la 2015. Juni 2025 chama tawala kilichukua viti vyote 100 vilivyogombewa vya Bunge. Sasa watapigana na nani?

Mzee wa Kaloleni: Hivyo viti 100 ndivyo vinavyonitisha mimi. Mpinzani asiye na hata kiti kimoja nyumbani atatafuta pa kuegemea nje, na huko nje majirani tayari wamenuniana. Januari 2024 Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, tuhuma ambazo Rwanda inazikana, na askari wa Burundi wameshapigana na M23, waasi wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Katika hali hiyo, kura iliyopigwa Gitega yaweza kujibiwa Kivu. Kwa hiyo nisingeangalia siku ya kupiga kura. Ningeangalia kama mpaka umefunguliwa.

Kijiwe Nongwa: Mtu ambaye ameshauza mashine anaomba ushauri au anaomba baraka?

Mlei wa Burka: Mume humsindikiza mkewe mpaka kwa wakwe, hasa kwenye ugonjwa. Na tusiwanyooshee Warundi kidole, maana Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa hapa kwetu, na ndugu zetu wa nje walikesha wakitupigia simu bila kutupata.

Jicho la Meru: Wakuu, mimi nanusa chai. Fundi gani wa mageti anayezijua hesabu za Bunge la Burundi? Huyu ni mwanafunzi, na nyinyi mnamwandikia utafiti wake bure.

Kijiwe Nongwa: Chai ya maziwa kabisa. Bado chapati tu.

Fundi wa Sakina: Fundi hasikilizi redio? Niliyemwoa kwao ni huko, nisipojua mimi ajue nani? Juzi mke wangu alinitumia ujumbe wa sauti: kaka yake alilala kwenye foleni ya petroli usiku kucha, dumu akalifunga kifundoni kwa kamba lisije likaibwa akisinzia. Kama hiyo ni chai, basi mnywe.

Mama Koku: Iwe chai au isiwe, kuna jambo hakuna aliyeliuliza. Mtoto alivuka kwa hati gani? Mambo yakiharibika, atarudi Tanzania akiwa nani?

Fundi wa Sakina: Aliandikwa kwenye hati ya mama yake. Cheti chake cha kuzaliwa cha hapa Arusha ninacho mimi, kabatini.

Mama Koku: Kitoe ukisome.

Fundi wa Sakina: Nimekitoa. Jina langu limekosewa herufi moja.

Mama Koku: Basi kesho asubuhi kalirekebishe kabla hujakata tiketi ya Kigoma.

Fundi wa Sakina: Tiketi nimeshakata, mama. Basi linaondoka alfajiri.